Digrii Saba za Shemeji

Leopoldo Arvizu, au Polo kwa mtaa mzima wa kusini mwa Tucson, alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili, goti moja zima, na gari la dizeli la Kijerumani la mwaka themanini na tatu ambalo injini yake haikuwahi kumwangusha. Habari ya injini aliitoa bila kuombwa. Alimwambia padri, alimwambia dada wa dirishani pale duka la dawa, alimwambia hata mtu aliyepiga simu kwa kukosea namba: "Maili laki nne na elfu kumi na mbili, na injini haijawahi kuniangusha."

"Na mimi je?" aliuliza mkewe, Delfina, kila alipoisikia. "Miaka arobaini na minane sijakuangusha. Umewahi hata siku moja kunifungua boneti ukaniuliza kama nina maji?"

Walioijua familia walijua pia kwamba sentensi ile ilikuwa na ujanja wa wakili. Injini, sawa. Lakini mlango wa dereva ulifunguka kutokea ndani tu, kwa hiyo mzee aliingia kwa mlango wa abiria na kutambaa kama anayerudi nyumbani amelewa. Kipimo cha mafuta kilisema robo tangu mazishi ya mama mkwe. Honi ililia ukikata kona kushoto, iwe unataka au hutaki. Na kiyoyozi, hicho kilikuwa mke wa pili kabisa: kilitaka kushughulikiwa kila Jumamosi, kilinuna bila sababu, na kila kilichopewa kilikuwa hakitoshi.

Ila Juni ya Tucson haichezewi. Usukani unashikwa kwa taulo. Kifungo cha mkanda wa usalama kikikugusa mkono kinakuachia chapa kama ng'ombe wa tajiri. Mtu asiye na kiyoyozi kwenye gari mwezi huo watu humsalimu kwa huruma, kama mgonjwa. Ndiyo maana Polo, aliyekuwa fundi umeme wa mgodi wa shaba kwa miaka thelathini na mmoja na aliyestaafu akiwa na vidole vyote kumi, aliona ni suala la heshima kwamba gari lake litoe baridi. Na baridi kwake ilipimwa. Alichukua kipimajoto cha jikoni, kile chenye sindano ndefu ambacho Delfina humchomea bata mzinga kujua kama ameiva, akakichomeka kwenye tundu la hewa la katikati ya dashibodi. Hakikurudi jikoni tena. Bata mzinga wa nyumba ile tangu hapo wameiva kwa kudra za Mungu.

Sasa hapa ni lazima ieleweke kwamba upande ule wa kaskazini wa mpaka na Meksiko joto lina hesabu zake. Maji yanaganda kwenye thelathini na mbili, mtoto mwenye homa ana mia na moja, na Juni mchana ni mia na saba bila aibu. Kwa hesabu hizo gari la Polo lilitoa arobaini na tano. Kwa gari la dizeli la umri ule, arobaini na tano ni kitu cha kumwita jirani aje kushuhudia, na majirani waliitwa.

Matata yalianza Jumapili moja mezani. Mjukuu wao Marisela, waliyemlea tangu ana miaka minne, alikuwa anaolewa wiki tatu baadaye huko Nogales, upande wa Meksiko, kwa kina bwana harusi. Angevalia gauni nyumbani kwa Teyo, mdogo wake Delfina, kisha apelekwe kanisani kwa gari. Na Teyo naye alikuwa na gari lile lile: kiwanda kile kile, mwaka ule ule, kelele ile ile ya gunia la vijiko.

"Mimi nataka gari la zamani, picha zitoke vizuri," alisema Marisela, "lakini sitaki kufika madhabahuni nimeyeyuka. Kwa hiyo lenye baridi zaidi ndilo litakalonibeba. Basi."

Alikuwa anatania. Lakini simu ilikuwa mezani, sauti iko juu, na Teyo yuko hewani kutoka Nogales.

"Basi mambo yamekwisha!" ilinguruma simu. "Langu linatoa saba!"

"Saba nini?" aliuliza Polo.

"Digrii saba, shemeji! Nimepima asubuhi hii. Saba!"

Polo, mtu ambaye hakuwa na digrii hata moja ukutani, aliweka kijiko chini. "Teyo, acha uongo siku ya Bwana. Saba ni friza. Koili ya kupozea hewa ingekuwa imeganda zamani."

"Kwani nimekuficha? Inaganda! Juzi lilitema kipande cha barafu kikamwingia jirani yangu mama Chayo kifuani. Muulize. Lako linatoa ngapi?"

"Arobaini na tano."

Simu ilicheka kwa muda mrefu. "Arobaini na tano! Shemeji, hilo si gari, hilo ni supu iliyopoa!"

Wewe unayempima mwanao homa ukasema thelathini na nane umeshaelewa. Nyamaza basi, usimharibie mzee. Polo asingeweza kuelewa, na kosa halikuwa lake. Watu wa mpakani wanajua vizuri kwamba kaskazini na kusini vipimo ni tofauti. Katika hali ya hewa, nyama na homa wanabadilisha hesabu hata usingizini. Lakini magari yalikuwa na nchi yake. Kwa miaka thelathini mashemeji hawa wawili walinunua spana, mikanda na vipimo kwenye duka moja la Tucson, na kwa mambo ya gari walizungumza lugha moja tu, ya inchi, galoni na digrii za kaskazini. Ila kipimajoto cha Teyo kilivunjika Mei, na binti yake akamnunulia kipya palepale Nogales. Teyo alikichomeka, akaona mshale umelala kwenye saba mahali ulipozoea kulala kwenye arobaini na sita, na badala ya kukitilia shaka kipimajoto akajistaajabia mwenyewe. Wiki ile alikuwa ameisugua rejeta ya gesi ya kiyoyozi kwa mswaki. Akaamini ni mswaki.

"Sikiliza wewe," alisema Polo, akisimama, jambo ambalo kwa goti lile alilifanya kwenye wimbo wa taifa tu. "Kama gari lako ndilo litakalombeba huyu mtoto kanisani, mimi langu namuuzia yule daktari wa meno."

Daktari wa meno alikuwa bwana mmoja wa vilima vya kaskazini mwa mji, mwenye ndevu za mtume na viatu vya mkulima asiyelima, aliyekwisha kuacha vikaratasi vitatu kwenye kioo cha mbele akiomba kuuziwa. Alitaka kuliendesha kwa mafuta yaliyokaangia chipsi, ili kuokoa dunia, na kulibebesha juu ubao wa kutelezea mawimbini, ingawa bahari ya karibu iko mwendo wa saa nne.

"Nimesikia," alisema Delfina, kwa sauti ya karani anayegonga muhuri.

Wiki tatu zilizofuata Polo aliishi chini ya dashibodi. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana nje, na majirani walizoea kuisalimia. Alibadilisha mkanda wa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Alijaza gesi. Alivisha mabomba blanketi la utotoni la Marisela, lile la bata wa manjano. Alisugua rejeta kwa mswaki wake, ulipokwisha akachukua wa Delfina, na Delfina akaugundua kwa ulimi. Mshale ulishuka hadi arobaini na tatu. Ukashuka hadi arobaini na mbili. Hapo ukagoma.

Alimpigia Teyo. "Umefanyaje? Niambie kiume."

"Mswaki, shemeji."

"Nimesugua hadi naona upande wa pili!"

"Mswaki laini au mgumu?"

Polo alikata simu.

Tatizo ni kwamba alijua. Nyuma ya dashibodi pale kulikuwa na swichi ndogo kama kifungo cha koti, ambayo kazi yake ni moja: koili ikikaribia kuganda, inaizima kompresa, inasubiri, inaiwasha tena. Ndiyo iliyokuwa inamgomea kwenye arobaini na mbili. Fundi umeme yeyote anajua kwamba ukichukua kipande cha waya ukaunganisha upande huu na upande ule, swichi inabaki pambo, na kompresa itafanya kazi hadi kiama. Mgodini, Polo alikuwa amewafukuza kazi watu wawili kwa mchezo huo. Mmoja alikuwa binamu yake.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya harusi, alikata waya wa urefu wa kidole.

Dakika kumi baadaye Delfina alisikia ukelele akatoka mbio na ufagio mkononi, akidhani nyoka. Alimkuta mumewe amekaa garini, madirisha yamefungwa, pua nyekundu, anaelekeza kidole kwenye kipimajoto cha bata mzinga.

"Thelathini! Mama, thelathini! Na bado inashuka!"

"Umefanya nini humo?"

"Kirekebisho kidogo."

"Polo. Kile kirekebisho kidogo cha mashine ya kufulia kilimuua paka wa jirani."

"Paka alikuwa mzee," alisema Polo.

Jumamosi waliondoka saa tano asubuhi. Marisela alikaa nyuma na gauni lake ndani ya mfuko, limelala kama abiria wa nne. Nywele na uso vilikwisha kutengenezwa na rafiki yake tangu alfajiri: nywele zilipanda juu ghorofa tatu, na kope za bandia zilikuwa ndefu kiasi kwamba akipepesa unasikia upepo. Delfina alikaa mbele. Polo alitambaa hadi kwenye usukani, akasubiri taa ndogo ya manjano ya kupasha injini joto izime, akawasha. Injini ilishika mara moja, bila shaka.

Njia ya kwenda Nogales ndiyo pekee nchini yenye vibao vya kilomita mwanzo hadi mwisho, na Polo, ambaye gari lake lilihesabu maili, alikuwa ameipita mara mamia bila jambo hilo kumfikirisha. Siku hiyo macho yake yalikuwa kwenye mshale. Thelathini na nane. Thelathini na moja. Ishirini na saba! Nje jangwa lilikuwa linachemka, ndani Delfina alikuwa amejifunika shali hadi puani.

"Babu, sisikii vidole vya miguu," alisema Marisela.

"Vipo, mwanangu, vipo. Ishirini na sita! Teyo ataomba maji."

Karibu na mji mdogo wa Tubac, upepo ulianza kupungua. Kwanza Polo alidhani ni masikio yake. Akapandisha feni. Feni ikavuma kama ndege, lakini kwenye matundu haikutoka pumzi hata ya kuzima mshumaa.

"Mbona kimya?" aliuliza Delfina.

"Inapumzika."

"Mimi naanza kutoka jasho."

"Baridi ipo, mama. Ipo nyingi sana. Ila haitoki."

Na hiyo ilikuwa kweli tupu. Nyuma ya dashibodi koili ilikuwa imegeuka gogo moja la barafu, limeziba njia yote ya hewa. Gari lilikuwa limebeba baridi kuliko gari lolote barabarani siku ile, na waliomo walikuwa wanaiva. Ndani ya dakika tano mgongo wa shati la Polo ulibadilika rangi. Ghorofa ya juu ya nywele za Marisela iliegemea upande wa kushoto.

"Babu. Fanya kitu."

Polo alijua cha kufanya, na alijua hakuna njia ya kukisema ikasikika vizuri. "Itabidi niwashe hita."

"Sema tena?"

"Barafu lazima liyeyuke. Dakika kumi tu. Hita hadi mwisho."

"Polo Arvizu," alisema Delfina polepole, "nje ni mia na saba."

"Ndiyo, na huo ni msaada mkubwa."

Hita ilifanya kazi vizuri. Hita ya gari lile haikuwahi kumwangusha pia, hasa kiangazi. Kope moja ya Marisela ilibanduka, ikashuka shavuni taratibu kama kiwavi anayehama. Kisha pakasikika mlio wa kitu kinachovunjika, maji yakamwagika chini ya dashibodi yakajaza viatu vya Delfina, na kutoka tundu la katikati kipande cha barafu kikachomoka, kikapita katikati ya viti, kikatua mapajani kwa bibi harusi.

Marisela alikitazama. Kisha akakiokota, akajipaka shingoni. "Asante, Babu," alisema, kwa sauti ambayo Polo aliikumbuka kutoka kwa mama mkwe.

Alisimama kando ya barabara, akalala chini ya dashibodi huku magari yakipita, akauchomoa ule waya. Akabaki pale chini kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Alikuwa anamwona daktari wa meno anafungua mlango wa abiria na kutambaa. Alikuwa anasikia harufu ya chipsi.

"Imekufa?" aliuliza Delfina kutoka juu. Hakuuliza kwa ubaya.

"Imepona," alisema Polo. "Ila imelowa, leo itatoa arobaini na tano tu, kama zamani. Tumeshindwa, mama."

Teyo aliwapokea langoni kwake Nogales amevaa koti zito la manyoya. Alikuwa mtu mfupi mwenye masharubu makubwa, na jasho lilikuwa linamtiririka kama bomba, lakini utani ulikuwa utani.

"Karibuni ncha ya dunia! Dada, umevaa viatu vya maji? Mwanangu, nani amekupiga?"

"Vua hilo koti utakufa," alisema Delfina.

Gari la Teyo lilikuwa linanguruma uani, madirisha yamefungwa. Polo aliingia kwenda kushuhudia mwisho wake. Hewa ilimpiga usoni, na ilikuwa ya baridi, nzuri, hakatai. Kipimajoto kipya kilisema saba. Lakini mkono wake, uliopapasa mashine za mgodini kwa miaka thelathini na mmoja, ulikaa mbele ya lile tundu na haukuogopa. Asubuhi ile ile mkono huu ulikuwa umekaa kwenye ishirini na sita ukauma hadi mfupani. Saba ingeula.

"Haiumi," alisema.

"Ndiyo ustadi wenyewe huo," alisema Teyo.

Polo alikwenda kuchukua kipimajoto cha bata mzinga, akakichomeka kando ya kile kipya. Wakasubiri, yeye, Teyo na Marisela, vichwa vitatu ndani ya dirisha moja lililoshushwa. Arobaini na tano.

"Chako kimeharibika na maji," alisema Teyo.

Marisela alinyoosha mkono, akachomoa kile kipya, akakisogeza kwenye jicho lililobaki na kope. Akakigeuza.

"Babu Teyo, hii herufi hapa chini ni nini?"

"C? Si jina la kiwanda?"

"Ni Selsiasi."

Uani pale injini mbili za dizeli ziliendelea kunguruma peke yake. Delfina ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akatafuta ndoo akaikalia.

"Kwa hiyo saba yake ni arobaini na tano yangu?" aliuliza Polo.

"Ile ile. Mko sawa kabisa."

"Na arobaini na mbili?"

Marisela alipiga hesabu kwa midomo. "Tano na nusu. Kwa nini?"

Polo alishika goti lake zima. Alikuwa amemshinda shemeji yake wiki nzima kabla hajaukata ule waya.

"Leo ndiyo inayohesabiwa!" alidakia Teyo. "Leo ni sare! Na nyumba ni yangu, gari langu liko karibu na lango…"

"Wewe na lango lako! Nilikuwa na tano na nusu, nina shahidi!"

"Shahidi mke? Mahakama gani hiyo?"

"Nyamazeni!" alisema Marisela, na kwa kuwa nywele zake zilikuwa zimesimama kila upande kama za mtu aliyeshika waya wa umeme, walinyamaza. "Naingia kuvaa. Nikitoka nitapanda gari la yule ambaye hajasema neno. Hata moja. Atakayefungua mdomo kuhusu baridi, digrii, au injini, ananisindikiza kwa miguu."

Akaingia ndani, Delfina nyuma yake na sanduku la pini.

Mashemeji walibaki uani, kila mmoja ameegemea gari lake. Dakika tano. Dakika kumi. Kuku wa Teyo alipita katikati yao akawatazama. Polo alikaza taya hadi meno ya chini yakauma. Mara mbili sentensi ya injini ilimpanda hadi kooni, na mara mbili aliimeza kama kidonge bila maji. Dakika ya ishirini na tatu mlango ulifunguka, Marisela akatoka na gauni, nywele zimebanwa nyuma kwa namna rahisi iliyompendeza kuliko ile ya ghorofa, na Teyo, ambaye masharubu yake yalikuwa yanatetemeka, alipasuka:

"Ila asubuhi mapema huwa linafika sita!"

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Ilikuwa imeshatoka.

Polo hakusema kitu. Alifungua mlango wa nyuma, akamwingiza Marisela, akalikunja gauni ndani kwa uangalifu, kipande kwa kipande, akatambaa hadi kwenye usukani. Delfina alikaa mbele, miguu peku, viatu vikiwa vimeanikwa kwenye dashibodi. Barabara ya kanisani ilikuwa imejaa magari, na katika kona ya kushoto honi ikalia, watu wakapunga mikono wakidhani ni shangwe. Walisimama kwenye taa nyekundu, jua wima juu ya paa, hali ambayo huwa inayaua magari ya zamani. Polo alitupa jicho kwenye mshale.

Arobaini na nne.

Alifungua mdomo. Akaufunga. Kwenye kioo aliona Marisela anamtazama kwa jicho kali, na kanisa lilikuwa bado mitaa mitatu mbele. Akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, akamgusa Delfina bega, akaelekeza kwenye dashibodi, macho yamemtoka.

Delfina aliinama, akasoma, akaegemea tena kiti.

"Nimeona, mzee," alisema. "Endesha."